Gari used ipi inadumu? Tutaje injini na gia boksi, nembo tuziweke pembeni

Muuza Spea:

Wakuu, salaam.

Kila wiki lazima aje mtu aulize: nina milioni 12, ninunue gari gani isiyonisumbua? Na kila wiki anapewa majibu yaleyale. Chukua Toyota. Kimbia Nissan. Subaru ni ya wenye hela. Mjerumani ni kujitafutia presha. Mimi nauza spea Gerezani, Dar, naona kipi kinaletwa kikiwa kimekufa na kipi watu wanakirudia kununua, na niseme wazi kwamba majibu hayo hayamsaidii mtu. Zipo Toyota zinazofilisi watu, na zipo Nissan ambazo baba amemwachia mtoto. Anayebisha akaendeshe Patrol yenye injini ya TD42 au pikapu ya Hardbody ya zamani kwanza, halafu arudi tubishane.

Tuchukue gari moja tu, Premio ya 2001 hadi 2007, maana hakuna mtaa usiokuwa nayo. Bodi ni lile lile, viti vile vile, dalali anazisifia kwa maneno yale yale. Chini ya boneti ni magari matatu.

Ya cc 1500 ina 1NZ-FE. Hii ndiyo injini ya IST za cc 1500, Raum, Spacio ndogo, Runx na Probox, na ndiyo iliyowafanya watu waamini kwamba Toyota haifi. Inatumia cheni, mkanda wa timing haupo, haina makuu, na fundi yeyote aliyewahi kushika spana ameshaifungua. Mpe oili nyepesi ya 5W-30 kwa wakati, mtazeeka pamoja.

Ya cc 1800 ina 1ZZ-FE. Zile za mwanzo zinakunywa oili, na sababu yake inajulikana. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni, nyuma ya ringi ya oili, ni madogo. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa inaungulia pale pale, matundu yanaziba, ringi inaganda, oili inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Toyota wenyewe walikuja kuibadilisha pistoni. Moshi wa bluu hauonekani kila mara, ndiyo maana mtu anaendesha tu mpaka sampo (bakuli la oili chini ya injini) inakauka na injini inakamata. Ukiijua tabia yake mnaishi vizuri: kila wikiendi unavuta dipstiki, na kwenye buti hukosi lita moja ya akiba.

Ya cc 2000 ina 1AZ-FSE, yaani D-4. Hapa naomba mtulie kidogo. Injini hii ipo pia kwenye Noah na Voxy za 2001 hadi 2007 na kwenye RAV4 ile tunayoiita Miss Tanzania. Petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na anayeisukuma ni pampu inayozungushwa na kamshafti, pampu yenye vyuma vilivyobanana kiasi kwamba uchafu kidogo unatosha kuiua. Sasa kumbukeni petroli tuliyokuwa tukiuziwa nchi hii. Watu walikuwa wanachanganya na mafuta ya taa kwa kuwa ushuru wake ulikuwa mdogo, mpaka EWURA, wadhibiti wa mafuta, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010, na 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. D-4 zilizoingia kabla ya hapo zilikiona cha moto. Na hata petroli ikiwa safi, masizi yapo. Kwenye injini ya kawaida nozeli inamwaga petroli nyuma ya vali na kuiosha. Kwenye D-4 vali ya hewa haipati hata tone, inajenga kaboni mwaka hadi mwaka, mwisho gari haishiki sailensa (kuunguruma taratibu ikiwa imesimama), unasimama kwenye taa za Ubungo usukani unatetemeka mkononi.

Kwa hiyo mtu akisema "Premio ni mbovu", mwulizeni Premio ipi.

Kujua ni rahisi. Fungua boneti, tafuta kile kibati cha aluminiamu kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Kuna mstari wa ENGINE na mwingine wa TRANS/AXLE. Kwenye injini, ukiona S kati ya F na E, hiyo ni D-4: 1AZ-FSE, 1JZ-FSE ya Brevis, 4GR-FSE ya Crown Athlete. Kwenye gia boksi za Toyota, ikianza na K ni CVT (otomatiki ya mkanda na puli, haina gia za kawaida), ikianza na U au A ni otomatiki ya kawaida. Mambo mawili hayo yana uzito kuliko nembo ya mbele, kuliko rangi, kuliko "ilikuwa ya mama mmoja anaendea kanisani tu".

Karibuni mtoe ya kwenu. Ila atakayetaja gari aseme injini, mwaka na gia boksi.

Namba C Milele:

Mkuu umeongea. Ila naona X-Trail umeipita kimya kimya kama mtu anayemdai. Hebu iseme.

Muuza Spea:

Hahaha, sijaipita. X-Trail ya kwanza, T30, ina QR20DE, na gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne. Chuma cha gari chenyewe hakina shida, bodi gumu, sasisi nzuri. Kilichoichafulia jina ni sensa mbili, ya kamshafti na ya krankshafti. Zikizeeka, injini ikipata moto inazima barabarani, ikipoa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi asiyejua anabadilisha pampu ya petroli, anabadilisha plagi, anabadilisha koili, mteja anatoa hela mpaka anachukia. Sensa zenyewe zinatoka kwa dakika chache. Usifunge za bei ya peremende, hazikai.

T31 iliyokuja 2007 ni habari nyingine, maana nyingi zina CVT. Hapo sitawatetea sana. Kule Marekani mwaka 2009 Nissan waliongeza dhamana ya CVT za magari yao ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukarimu.

Mama Watatu:

Nimesoma hapo kwenye CVT nikacheka kwa uchungu. Gari yangu (sitaitaja, wenye nayo watanishambulia) ilikuwa inatembea vizuri tu. Nikaipeleka sevisi, fundi akaniambia oili ya gia boksi imechoka, akaimwaga, akajaza ATF (oili ya otomatiki ya kawaida) nyekundu ya kwenye dumu. Haikumaliza wiki. Ikaanza kupiga kelele kama filimbi, nikikanyaga mafuta injini inanguruma gari haiendi. Gia boksi nzima. Na fundi bado ananiambia "dada, hizi gari ndivyo zilivyo."

Fundi wa Mwembeni:

Pole dada. Huyo kakuua kweli, tusimfiche. Otomatiki ya kawaida inashika gia kwa klachi za ndani. CVT ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na ile oili yake ndiyo inayofanya mkanda ushike chuma bila kuteleza wala kulana. Ukiweka ATF mkanda unateleza, unachubua puli, basi, hakuna cha kurekebisha. Nissan T31 inataka oili ya NS-2. Toyota CVT ina ya kwake. Honda ndiyo usithubutu kabisa kuweka oili isiyo ya Honda. Kama dukani hakuna, gari ilale.

Lakini wakuu na sisi mafundi mtutendee haki. Mteja anakuja na gari ya CVT, namwambia oili yake dumu moja ni bei hii, ananiambia "wewe unataka kunipiga, mwenzako kasema elfu hamsini yote". Anakwenda kwa huyo wa elfu hamsini. Akirudi, lawama ni za mafundi wote wa Tanzania.

Na thamostati! Hii nitaisema mpaka nizeeke. Injini ikichemka, mtu wa kwanza anang'oa thamostati, anatupa, anaunganisha feni moja kwa moja izunguke muda wote, anajaza maji ya bomba. Mteja anafurahi, mshale hausogei tena. Kilichotokea ni kwamba injini sasa haifikii joto lake. Kompyuta inadhani gari imewashwa sasa hivi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, ulaji unapanda, oili inachafuka haraka, na maji ya bomba yanakula rejeta na bomba za hita kwa ndani. Tatizo la mwanzo, pengine rejeta tu iliyoziba, lipo pale pale. Siku ukiipandisha mlima Kitonga na mzigo, gasketi inasalimu amri. Halafu tunasema gari ya kampuni fulani "inachemsha".

Mtu wa Grogan:

Salamu kutoka Nairobi. Sisi huku sheria hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo zile Carina na Noah za zamani mnazosifu nyinyi, hapa zilizobaki ni za wazee. Inayoingia sasa ni Demio, Note, Fit, Vitz za CVT, na Subaru.

Nizungumzie Subaru kidogo kwa sababu watu wa Dar huiogopa bila kuijua. Injini yake imelala, silinda mbili kila upande, kumaanisha hedi ni mbili na gasketi ni mbili. EJ25 ndiyo ina jina baya la gasketi kuvuja. EJ20 isiyo na turbo, kama iliyo kwenye Forester nyingi za kawaida kutoka Japani, ni mvumilivu sana mradi usicheze na maji wala oili. Mkanda wa timing ukifika kilomita 100,000 uubadilishe pamoja na pampu ya maji na zile puli zake. Mtu akibadilisha mkanda peke yake kuokoa pesa, puli inakwama, mkanda unakatika, vali zinapinda, na sasa anatafuta injini Kirinyaga Road.

Kwa nini Subaru inaishi Nairobi na inafia Dar? Hapa kila mtaa una mekanika ambaye hashiki kingine ila Subaru. Huko kwenu mnampelekea mtu wa Corolla.

Na Probox iheshimiwe. Watu wa Meru hubeba miraa nayo kwa mwendo ambao hata polisi huogopa kuutaja, imejaa mpaka dari, kila siku. Mwenye gari nyingine aonyeshe yake ikifanya hivyo.

Muuza Spea:

Kaka wa Nairobi umegusa pale nilipokuwa nataka kufika. Sehemu kubwa ya "uimara" wa Toyota Tanzania ni kwamba nchi nzima imejifunza ufundi kwenye Toyota. Ukiharibikiwa na IST Makambako saa mbili usiku, kuna mtu ana stabilaiza linki yake. Ukiharibikiwa na gari nzuri kuliko IST, inayotaka kifaa cha kuagiza, unalala hapo, na kwenye kumbukumbu yako hiyo gari ni mbovu. Dukani kwangu mtu wa IST anapata kipya, cha kuiga na used, anachagua kwa mfuko wake. Mtu wa Mitsubishi namwandikia kwenye karatasi aende duka lingine.

Halafu gari zenyewe haziji zikiwa sawa. Japani ukaguzi wa lazima wa gari jipya ni baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na una gharama. Wengi wanauza kuelekea tarehe hiyo ili wasilipe. Gari ya hivyo inakuja ikiwa haijachoka hata kidogo. Lakini iliyotoka Hokkaido, kwenye theluji na chumvi ya barabarani, juu inang'aa na chini imeliwa. Lazima iinuliwe uone sasisi kwa macho. Singapore nako kibali cha gari kinadumu miaka 10, kuongeza ni ghali, kwa hiyo zinatoka nyingi zikiwa bado safi, ila zimeishi kwenye joto na foleni, angalia raba na plastiki.

Presha ya Kijerumani:

Sasa mimi nije nipigwe mawe. BMW yangu ya silinda sita haijawahi kunilaza njiani. Mjerumani hataki makuu, anataka ratiba. Tatizo la Watanzania mnanunua gari ya bei ya IST, ambayo ilipokuwa mpya ilikuwa bei ya nyumba, halafu mnashangaa spea zake bado zina bei ya ile mpya. Kushuka bei gari hakushushi bei ya rejeta.

Muuza Spea:

Hapo sina ubishi na wewe mkuu. Nitaongeza moja tu: kwenye BMW, mfumo wa kupoza una plastiki nyingi, tangi la maji, viunganishi, nyumba ya thamostati. Zinazeeka kwa joto hata gari ikiwa haitembei. Ukiinunua ikiwa na miaka 12, zibadilishe zote kabla hujaanza safari za mikoani. Wanaonunua hawabadilishi. Zile za silinda nne zenye N46 sili za vali zinakauka, ukiiacha inaunguruma kwenye foleni kisha ukaondoka, nyuma yako hawakuoni kwa moshi. Freelander ya kwanza yenye injini ya 1.8 siisemi, gasketi yake ya hedi inajulikana dunia nzima.

Namba C Milele:

Harrier tako la nyani, ile ya kizazi cha pili, je? Mke wangu ameng'ang'ana.

Muuza Spea:

Cc 2400 ina 2AZ-FE. Siyo D-4, hilo ni jema. Ugonjwa wake unaojulikana kwa zile za miaka ya 2002 hadi 2006 ni bolti za hedi za upande wa nyuma kuchuna nyuzi kwenye bloku. Maji yanavuja taratibu nyuma ya injini ambako huoni. Kama maji yanapungua na hujui yanakwenda wapi, usimsikilize anayesema "ongeza tu". Inatengenezeka, kwa kutoboa na kuweka nyuzi mpya za chuma, ila inataka fundi wa kukereza vyuma mwenye mkono. Shemeji mwambie Harrier sawa, ila tuikague kwanza.

Mtu wa Maskati:

Niko Oman, kazi yangu inanipeleka Sharjah kwenye masoko ya spea za magari. Hizo mashine, yaani injini used, mnazouziwa kama "za Dubai", nyingi ni za Japani zilizopitia hapa tu, zimekatwa nusu gari, zimepangwa kontena. Zipo pia zilizotoka kwenye gari za hapa Ghuba. Angalieni hizo: gari za huku usukani uko kushoto, kwa hiyo injini inaweza kukubali lakini mabomba, nyaya na raki ya usukani visikae. Na zimefanya kazi kwenye joto ambalo Dodoma hamjawahi kuliona. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji apime mgandamizo wa kila silinda mbele yako. Akikataa, funga mkoba.

Tabora Magharibi:

Mnaongelea mjini tu. Huku sisi gari ni moja, Land Cruiser yenye 1HZ. Cc 4,164, dizeli, haina turbo, pampu ya nozeli ni ya gia, hakuna kompyuta ya kukudai kitu. Hospitali za misheni zinazo za tangu miaka ya 1990 na bado zinabeba wajawazito masika. Haina mbio, inakunywa, inapiga kelele. Imefika.

Fundi wa Mwembeni:

Tabora umeua uzi. Ila bei yake used ni bei ya IST ngapi?

Tabora Magharibi:

Usiulize mkuu. Ndiyo maana naendesha ya ofisi.

Mgeni wa Magari:

Samahani wakuu, mimi ndiyo yule wa milioni 12. Nimeona Passo ya cc 1000 na IST ya cc 1300, zote namba D, bei zinakaribiana. Nakaa Mbagala, kazini Posta, na mara moja moja naenda Tanga kwa wazee. Nichukue ipi?

Muuza Spea:

IST, kama bodi lake halijagongwa. Passo ya kwanza ni kazi ya Daihatsu, silinda tatu, 1KR-FE, ni injini nzuri na inakula kidogo sana. Kwa Mbagala na Posta peke yake ningekuambia chukua. Lakini inatetemeka sailensa kwa asili yake, mafundi wanakudanganya wabadilishe mauntingi kila mara, na ukijaza watu wanne na mizigo kwenda Tanga utaisikia ikilia kila kilima. IST ya cc 1300 ina 2NZ-FE, ndugu wa 1NZ, spea ni zile zile karibu zote.

Mgeni wa Magari:

Asante sana mkuu. Muuzaji amesema niende kesho saa nne, atakuwa ameshaiwasha na kuiosha.

Fundi wa Mwembeni:

Nani kasema aiwashe? Mwambie utafika saa moja asubuhi na injini uikute imelala baridi. Ukifika weka mkono juu ya injini, ikiwa na joto ondoka, injini ya moto inaficha ugonjwa. Ikiwa baridi, vuta dipstiki, fungua kifuniko cha oili uone kama chini kuna tope la rangi ya maziwa, fungua rejeta uone kama juu ya maji kuna mafuta. Ndipo mwambie awashe, wewe ukiwa umesimama nyuma kwenye ekzozi, siyo mbele kwenye redio. Baada ya hapo ingiza D ukiwa umekanyaga breki, sikiliza kama inashtuka, halafu R. Mambo ya kuosha mtayaongea mkishakubaliana bei.

Mgeni wa Magari:

Saa moja nitakuwa pale. Nitaleta picha za kibati na za chini.